Jinsi ya Kushuti Filamu ya Madubwana Dodoma kwa Simu Moja na Kidumu cha Maji

Siku za kazi nashuti harusi na sendofu hapa Dodoma. Siku zinazobaki nashuti madubwana. Filamu yangu fupi ya mwisho ina dakika 18: dunia imeshaharibika, watu waliosalia wanahesabika, lijongoo refu kama basi linazunguka mbugani, na kijana mmoja anakatiza huko huko kumfuata mchumba wake. Tangu niionyeshe mtaani, vijana wananiuliza nilifanyaje bila studio wala kompyuta ya maana. Naandika hapa nilivyofanya, kwa mpangilio ule ule niliofuata, ili anayetaka aanze wiki hii hii.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kimoja kitakachobeba hofu, mapenzi na kicheko

Hapa ndipo nawaomba mkae muda mrefu kuliko kwingine kote. Skripti nyingi za aina hii ninazoletewa zina foleni: sini ya dubwana, ikiisha sini ya mapenzi, ikiisha anaingia mchekeshaji. Mtazamaji anakuwa kama abiria anayeshushwa na kupandishwa gari jingine kila kituo. Akifika mwisho amechoka, na hajui alikuwa anakwenda wapi.

Mimi nilitafuta kitu ambacho mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa thamani yake. Nikapata maji. Jongoo tunamjua: kiangazi humwoni, mvua ikidondoka anatokea. Basi lijongoo langu linanusa unyevu. Ukimwaga maji linakuja. Ukitoka jasho jingi linakuja. Ukilia, linakuja.

Sheria hiyo moja ilinifanyia kazi yote. Mapenzi yakapata hatari yake, kwa sababu zawadi kubwa unayoweza kumpelekea mpenzi wako ni kidumu cha maji, na kidumu hicho hicho ndicho kinachokuitia kifo njiani. Kicheko nacho kikapata mlango, kwa kupitia mtani. Mtani wetu ana ruhusa ya kukuchapa maneno hata msibani, na dunia ikiisha sioni kwa nini aache kazi yake. Kwenye filamu, yule kijana, Mazengo, anamzika rafiki yake na machozi yanaanza kumlengalenga. Mtani amesimama pembeni na jembe:

"Yafute hayo, mtani. Marehemu alikuwa mchoyo wa maji maisha yake yote, leo unamwagia bure?"

Watu wanacheka. Kisha changarawe zilizo juu ya kaburi zinaanza kutetemeka. Tazama: kicheko hakikuliondoa dubwana, kimelileta. Mchekeshaji wako akimdharau mnyama, mtazamaji naye atamdharau, na umeshaipoteza filamu. Mtani aogope kama wengine, ila aogope huku anatania.

Andika sheria ya dubwana lako kwa sentensi moja, uibandike ukutani. Kila sini isiyogusa sentensi hiyo iondoe, hata kama uliipenda.

Hatua ya 2: Chagua msimu kabla ya kuchagua lokesheni

Kuanzia Juni mpaka Oktoba Dodoma inakupa dunia iliyoisha bila malipo. Mibuyu imepukutisha majani, nyasi ni za rangi ya mkate, upepo unainua vumbi wenyewe. Mibuyu mizuri ipo njia ya Iringa ukielekea Mtera. Mbuga za Bahi zikikauka, udongo unapasuka vipande kama vigae, na hakuna pambo la studio linaloweza kukupa hicho.

Mara ya kwanza nilianza kushuti mwishoni mwa Novemba. Nilikuwa nimemaliza nusu ya sini, mvua ikashuka, na baada ya siku chache ardhi yote ilikuwa ya kijani. Sini ya kwanza kijana anatoka kwenye ukame, ya pili anaingia kwenye malisho. Nilifuta kazi yote, nikasubiri hadi Julai. Sikutaka kudanganya kwa kubadilisha rangi, maana ukame ndio uliokuwa hadithi yenyewe.

Jua letu la saa sita linasimama karibu utosini, tuko kama digrii 6 tu kusini mwa ikweta, na linaweka kivuli cheusi machoni mwa mwigizaji. Shuti asubuhi mpaka saa tatu, pumzika, rudi saa kumi jioni. Mwanga wa dhahabu hapa haukai. Julai jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo sini ya mapenzi ifanyieni mazoezi mapema, mwanga ukifika mnaanza moja kwa moja.

Hatua ya 3: Vibali

Filamu nchini inasimamiwa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Ombeni kibali kabla ya kushuti. Droni ina ruhusa yake, na hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Huu ni mji wa serikali, msielekeze kamera kwenye majengo msiyoyaulizia. Mkiingia mtaa au kijiji chochote, anzieni kwa mwenyekiti. Ukiwa umempaka mwigizaji damu ya rangi, hutaki wananchi wawe wa mwisho kujua.

Na kwa wanaotamani miamba ya michoro ya Kolo, Kondoa: ule ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Usiwashe moto pale, usirushe vumbi, usiguse michoro. Miamba mitupu Dodoma imejaa, tumia hiyo.

Hatua ya 4: Tengeneza dubwana

Langu lina sentimeta 40. Mwili ni tyubu za baiskeli zilizokatwa pete pete na kuvishwa kwenye waya laini. Kichwa ni kibuyu kidogo. Miguu ni vijiti vya ufagio wa chelewa, na nilivichomeka kimoja kimoja jioni tatu mfululizo. Nililipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kula kidogo, likawa linang'aa kama limetoka kwenye tope. Nyuzi za nailoni za kuvulia samaki ndizo zinazolivuta.

Usitumie jongoo wa kweli. Hafuati maelekezo, na kumning'iniza mbele ya taa ni kumtesa bure.

Hatua ya 5: Weka dubwana na mwigizaji kwenye fremu moja

Hesabu ni nyepesi. Ukitaka kitu cha sentimeta 40 kionekane cha mita 10, umekikuza mara 25. Basi mwigizaji akae mbali na simu mara 25 kuliko dubwana. Dubwana likiwa sentimeta 60 kutoka kwenye lenzi, yeye asimame mita 15.

Tumia lenzi pana ya simu, ile ya alama ya 0.5. Kwenye simu nyingi lenzi hiyo inashika vizuri kitu cha karibu na cha mbali kwa pamoja, wakati lenzi kuu itaacha kimoja kikiwa na ukungu. Simu ikae chini kabisa, karibu na ardhi.

Dubwana liweke juu ya ubao uliotandazwa udongo wa pale pale. Udongo huo uchekeche kwa chekecheke ya unga. Nisikilizeni hapa: punje ya mchanga ya kawaida, karibu na dubwana dogo, inaonekana kama kokoto, na jicho la mtazamaji linagundua ingawa hawezi kukwambia amegundua nini. Ng'oa pia kila unyasi ulio karibu na ubao, kwa sababu upepo ukiutikisa unatoa siri ya ukubwa. Ukingo wa ubao uufiche kwa kuulinganisha na mstari wa ardhi iliyo nyuma.

Mwigizaji wako haoni kitu chochote kule aliko. Simamisha mtu mwenye mti mrefu mahali kichwa cha lijongoo kitakapokuwa, aangalie ncha ya mti. Akiangalia simu, shoti imekufa.

Hatua ya 6: Lipe uzito

Kitu kikubwa huonekana kuanguka taratibu. Kanuni ya wapiga picha wa vitu vidogo ni kuzidisha kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwa kipeuo cha pili cha mara ulizokuza. Mara 25 inakupa 5, kwa hiyo badala ya fremu 24 kwa sekunde unashuti 120, halafu unaicheza kwa 24. Vumbi linalorushwa na mkia litaelea kama limetoka chini ya kitu cha tani kadhaa.

Lakini hiyo ni kwa shoti za dubwana peke yake. Mwigizaji akiwemo kwenye fremu naye atakimbia kama yuko majini. Kwenye shoti za pamoja baki na 24, na anayevuta nyuzi avute polepole sana, kwa pumzi moja ndefu.

Hatua ya 7: Sauti

Upepo wa Dodoma unakula maneno. Ivishe maiki sponji na kitambaa cha manyoya juu yake. Hata hivyo, baada ya kila sini waingize waigizaji kwenye gari, funga vioo, warudie maneno yao palepale hisia zikiwa bado moto.

Sauti ya lijongoo niliipata kwa punda wa maji wa jirani. Nilirekodi mlio wake, nikaupunguza kasi nusu, ukashuka oktava nzima. Juu yake nikaweka zeze: uta unaburuzwa pole pole kwenye uzi mmoja. Mtu wa kwetu akiusikia anahisi kitu cha nyumbani kimeharibika, na hiyo ndiyo hofu niliyokuwa naitafuta.

Hatua ya 8: Sini ya mapenzi

Usiijaze muziki. Mchumba, Sechelela, yuko nyuma ya mlango wa bati, Mazengo yuko nje, kidumu mkononi. Wanasalimiana kwa Kigogo.

"Mbukwa."
"Mbukwa. Umekuja na nini?"
"Maji. Yamebaki nusu."
"Nusu nyingine?"
"Imemwagika njiani."
Kimya. "Njia ipi?"
"Ile ya Bahi."
"Bahi siyo njia ya kuja hapa, Mazengo."

Hapo anafungua mlango. Amejua kwamba kijana alizunguka akamwaga maji upande mwingine ili dubwana limfuate yeye, lisije kwake. Hakuna aliyetamka neno kupenda. Shoti niliyoipa muda mrefu ni ya mkono wa Sechelela kwenye komeo, sekunde tisa, na hakuna mtu aliyelalamika kuwa ni ndefu.

Hatua ya 9: Onyesha kwa majirani kabla ya kumaliza

Tundika shuka nyeupe ukutani, azima projekta, ita watoto na wazee. Wewe usiangalie shuka, kaa pembeni uwaangalie wao. Walipotoa simu zao nilikata dakika mbili nzima. Watoto walipojificha nyuma ya mama zao, pale sikugusa.

Taa zilipowashwa bibi wa nyumba ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, yule binti aliyanywa yale maji?"

Hayakuwemo. Nilikuwa nimeishia mlangoni. Jumamosi iliyofuata niliwaita waigizaji wote wawili, saa kumi jioni, na kikombe kimoja cha bati.