Unakwenda Ujerumani kwa mafunzo kwa vitendo? Yaweke sawa haya kwanza

Barua ya kukubaliwa ikishafika, wengi hukimbilia kununua koti. Koti lisubiri. Anza na karatasi.

Kwa anayesoma chuo cha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na anakwenda kwa mafunzo yanayohusiana na fani yake, masharti makubwa ya viza ni matatu. Uwe umemaliza angalau mihula 4, mafunzo yasizidi miezi 12, na shirika la ajira la Ujerumani, Bundesagentur für Arbeit, liwe limeridhia. Ridhaa hiyo inaitwa Einvernehmen, na anayeiomba ni kampuni, si wewe. Kwa hiyo waulize mapema: mmeshaomba? Imetoka? Miadi ya ubalozi chukua hata leo, maana foleni ni ndefu, ila siku ya kwenda uwe na ridhaa hiyo mkononi. Ukikabidhiwa viza, isome papo hapo dirishani: herufi za jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha.

Jua pia mafunzo yako ni ya aina gani. Pflichtpraktikum ni yale ambayo chuo kinakulazimisha kuyafanya, na sheria ya kima cha chini cha mshahara haiyagusi. Kampuni inaweza kukupa posho ndogo au isikupe kitu. Ya hiari yakizidi miezi 3, kampuni inatakiwa kulipa kima cha chini, ambacho tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Barua ya chuo ndiyo inayoamua uko upande gani, kwa hiyo isome kabla ya kupanga bajeti.

Bajeti yenyewe: malipo ya kwanza huja mwisho wa mwezi, pengine katikati ya mwezi unaofuata. Kabla ya hapo utatakiwa kodi ya chumba na amana. Kodi ina sura mbili, Kaltmiete ambayo ni pango tupu, na Warmmiete ambayo imeongezwa joto na maji. Amana haitakiwi kuzidi pango tupu la miezi 3, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu 3 za kila mwezi. Chumba cha euro 400 chenye gharama za ziada za 80 maana yake ni euro 480 za kodi na 400 za awamu ya kwanza: 880 kabla hujanunua mkate. Na mwenye nyumba anayedai yuko nchi nyingine, eti utume pesa kwanza kisha akutumie funguo, ni tapeli. Usimjibu.

Sasa jambo linaloangusha watu wengi kuliko yote, nalo wala si lugha wala si baridi. Ni jina kwenye sanduku la barua.

Kwetu barua huenda kwenye S.L.P., na ukiwa na namba ya sanduku umemaliza. Ujerumani anwani ya kawaida haina namba ya chumba wala ya ghorofa. Ina mtaa, namba ya jengo, msimbo wa posta wa tarakimu 5, na jina. Tarishi akifika mlangoni anakuta masanduku kumi au ishirini ya bati yamepangana, kila moja na kibao chenye upana wa vidole viwili. Anasoma majina. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka na alama kwamba mpokeaji hajulikani. Hakuna wa kumuuliza.

Chukua mwanafunzi aliyepanga chumba kwenye nyumba ya kushirikiana na wenzake watatu, WG kama wanavyoiita. Sanduku lina majina mawili, la kwake halipo. Siku ya tano anakwenda Bürgeramt kujiandikisha makazi, anapewa cheti, anaona mambo yamenyooka. Wiki ya tatu mamlaka ya kodi inamtumia namba yake ya mlipakodi, tarakimu 11. Barua inarudi. Benki inatuma kadi kwa bahasha moja na namba ya siri kwa bahasha nyingine, kwa usalama. Zinarudi. Kadi ya bima ya afya hali kadhalika. Mwisho wa mwezi kampuni haina namba yake ya kodi, hivyo inaweza kumkata kwa daraja la VI la kodi, lililo kali kuliko yote, hata kwa posho ambayo kwa daraja la I isingekatwa kodi ya mapato. Anapiga simu mamlaka ya kodi. Namba hiyo hawaitoi kwa simu wala kwa barua pepe. Wanaituma tena kwa posta, kwenye sanduku lilelile lisilo na jina. Wakati huohuo idara ya wageni imempangia miadi ya kibali cha ukaazi, kwa barua. Tarehe inapita, naye hana habari.

Kilichokatwa kinaweza kurudi, kampuni ikipata namba na kusahihisha hesabu au yeye akijaza marejesho ya kodi mwaka unaofuata. Miadi iliyopita ni tabu zaidi, kwa sababu viza ina siku yake ya kuisha.

Basi fanya hivi. Kabla ya kulipa chumba, muulize mwenye nyumba maswali mawili: naweza kujiandikisha hapa? Utanipa Wohnungsgeberbestätigung? Hiyo ni karatasi anayosaini kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba wa pango hauwezi kushika nafasi yake. Akikataa, tafuta kwingine, hata kama bei ni nzuri. Ukishahamia una wiki 2 za kujiandikisha, na katika miji mikubwa kama Berlin miadi ni adimu, hivyo anza kuitafuta mtandaoni kabla hujapanda ndege. Siku ya kuingia, kabla ya kufungua begi, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti. Lile unaloitwa na rafiki halisaidii kitu hapa. Andika kwa kalamu isiyofutika kwa maji, funika yote kwa selotepu angavu, bandika kwenye sanduku na kwenye kengele, kisha omba wasimamizi wa jengo wakutengenezee kibao. Ukiwa umefikia kwa mtu, kila anwani unayotoa iwe na jina lako, halafu c/o, yaani kupitia kwa, na jina lililo kwenye sanduku lake. Funguo ya sanduku idai pamoja na ya mlango, na ulifungue kila siku. Bahasha ya njano isikae hata usiku mmoja: siku za kujibu zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, uifungue usiifungue.

Baada ya kujiandikisha itakuja barua ya Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Unalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Muulize mwenzako anayelipa akupe namba yake ya mchango, uiandike ukijibu barua. Usiitupe.

Bima ya afya ianze siku unayotua, na uiulize kampuni mapema utaingia bima ipi ukishaanza kazi. Dharura ni 112, polisi 110, daktari wa usiku 116117.

Begi: plagi zao ni za pini mbili za mviringo, beba adapta. Nyama, maziwa, samli na jibini kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, hata kama mama amefunga vizuri. Embe na parachichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende hazihitaji.

Usafiri: Deutschlandticket ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, inapanda basi na treni za kawaida nchi nzima, lakini si ICE, treni za mwendo kasi. Ni usajili unaojirudia, na kuufuta mwisho ni tarehe 10 ili ukome mwezi huohuo unapoisha. Ukikutwa huna tiketi halali ni euro 60.

Chumbani, namba 3 kwenye kirekebisha joto ni kama nyuzi 20. Fungua dirisha lote dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, hata theluji ikianguka, kisha ufunge. Ukilifunga msimu mzima, mvuke wa kuoga na wa kupika hugeuka ukungu mweusi pembeni mwa ukuta, na amana yako ndiyo itakayolipia rangi.

Ukiugua, piga simu kazini kabla ya saa ya kuanza. Ugonjwa ukizidi siku 3 nenda kwa daktari akupe cheti, na soma mkataba, wengine hukitaka siku ya kwanza.

Kuondoka nako kuna kazi yake. Cheti cha mafunzo, Praktikumszeugnis, kiombe wiki 3 au 4 kabla ya siku ya mwisho, bosi wako akiwa bado anakumbuka ulichofanya. Jifute kwenye daftari la makazi kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki 2 baada yake. Akaunti ya benki usiifunge mpaka amana na malipo ya mwisho yaingie. Mkataba wa pango usio na tarehe ya mwisho kwa kawaida unahitaji notisi ya miezi 3, kwa maandishi, ikiwa na saini ya mkono. Mikataba ya simu na ya jimu mara nyingi ni ya miaka 2, wakati mafunzo yako hayazidi miezi 12. Chukua laini ya kulipia kabla. Na mtu akikugongea mlangoni akitaka usaini jambo la umeme au intaneti, usisaini siku hiyo. Mwombe karatasi, mpelekee mwenzako anayejua Kijerumani aisome yote, mpaka maandishi madogo ya chini.