Itifaki ya kundi la siri: hakikisha kwanza nani yumo

Mazungumzo ya meseji ya watu wawili yana itifaki nzuri za usimbaji tangu zamani, yaani kanuni za kufunga ujumbe ili asiusome asiyehusika. Kundi ndilo linaloumiza kichwa: watu wanaingia, wanatoka, wanapoteza simu. Nguvu zako nyingi ziende kwenye orodha ya wanakundi, maana ufunguo imara ukimfikia mtu asiyestahili hauna faida.

1. Eleza kwa maandishi adui unayejikinga naye. Chukulia kwamba seva, kompyuta inayopitisha meseji, imetekwa: inaona kila kinachopita, inachelewesha ujumbe, inaupoteza makusudi. Chukulia pia kwamba simu ya mwenzenu itaibwa ikiwa wazi. Mwizi asiweze kusoma meseji za jana zilizokwisha kufutwa, na funguo zikibadilishwa asiweze kusoma za kesho.

2. Kila kifaa kiwe na utambulisho wake. Tengeneza jozi ya funguo za sahihi ya kidijitali (wa siri wa kutia sahihi, wa wazi wa kuihakiki), mfano za aina ya Ed25519, na ufunguo wa siri usitoke kwenye kifaa. Mwenye simu na kompyuta ahesabiwe vifaa viwili. Wape watu njia ya kulinganisha ana kwa ana namba za usalama, zinazotokana na funguo zao, la sivyo seva itakuletea ufunguo wake na kudai ni wa rafiki yako.

3. Chagua namna ya kugawana funguo. WhatsApp hutumia njia ya ufunguo wa mtumaji: unamgawia kila mmoja ufunguo wako, kisha kila meseji unaisimba mara moja tu. Ni nyepesi, ila mtu akiondoka, waliobaki wote hulazimika kutengeneza funguo mpya na kuzigawa upya. MLS, itifaki ya meseji za makundi iliyotolewa na IETF, shirika la viwango vya intaneti, Julai 2023 kama waraka RFC 9420, hupanga funguo kwa mti: kila kifaa ni jani, kundi zima ni mzizi. Kifaa kikibadilisha ufunguo wake, hubadilika njia ya kutoka kwenye jani lake hadi kwenye mzizi tu. Kwa vifaa 1,000 ni takriban ngazi 10. Mimi nakushauri MLS, na utumie maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) iliyokaguliwa. Usibuni algoriti yako mwenyewe.

4. Mabadiliko ya kundi yatiwe sahihi. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka 2018 watafiti Rösler, Mainka na Schwenk walionyesha kwamba anayedhibiti seva za WhatsApp angeweza kumpenyeza mtu kwenye kundi, kwa kuwa amri ya kumwongeza haikuwa na sahihi ya msimamizi. Simu zilitoa taarifa ya mgeni, lakini hazikuwa na namna ya kumkataa. Kwa hiyo kila kuongeza na kuondoa kutiwe sahihi na mwanakundi mwenye ruhusa, na kufungwe kwenye hashi (alama fupi ya kipekee) ya hali ya kundi iliyotangulia. Mabadiliko mawili yakigongana, seva ichague la kutangulia. La pili litengenezwe upya juu ya hali mpya. Seva ipange foleni, isiwe na uwezo wa kughushi.

5. Futa funguo zilizotumika. Futa kabisa, hata kwenye nakala rudufu. Badilisha funguo mara kwa mara hata kama hakuna aliyetoka, na ondoa vifaa vilivyolala miezi mingi.

6. Jaribu kuivunja. Mwondoe mwanakundi, kisha ipe simu yake meseji mpya, isifunguke. Nakili hali ya kifaa, kibadilishe ufunguo, uone kama nakala bado inasoma meseji mpya; isiweze. Mwisho, ifanye seva iligawe kundi mapande mawili yenye orodha tofauti: watu wa pande zote wakilinganisha namba ya uthibitisho inayotokana na hali ya kundi ya wakati huo, zisifanane, ili udanganyifu uonekane.