Jina la biashara, ubia au kampuni: amua kabla hujafungua mfumo wa BRELA

Wengi hufungua kwanza ORS, mfumo wa mtandaoni wa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni), wakajikuta wanachagua muundo wa biashara kwa kubofya. Fanya kinyume: amua kwenye karatasi, kisha ujaze. Msimamo wangu kwa biashara ndogo Tanzania ni huu: anza na jina la biashara, isipokuwa kama una mwenzako aliyeweka fedha, au kazi yako inaweza kukuachia deni kubwa kuliko mali yako, au mteja mkubwa amesema hafanyi kazi na asiye kampuni. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kampuni itakula fedha na muda ambao duka lako bado halijazalisha.

Hatua ya 1: Jiulize deni likija litagonga mlango wa nani

Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Cheti chake kinasema kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani, basi. Chukua fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, aliyepokea malipo ya awali ya shilingi milioni 12 kwa ajili ya madawati, mbao zikaharibika, kazi haikutoka. Mteja akishinda kesi, hukumu inamfuata fundi mwenyewe hadi kwenye kiwanja chake na pikipiki yake. Kama kazi ilichukuliwa na kampuni, mdai anaishia kwenye mali ya kampuni, na mwanahisa anapoteza thamani ya hisa zake.

Ila usiununue ulinzi huo kwa bei isiyo yake. Benki ikiikopesha kampuni changa, karibu kila mara itataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi. Ukisaini, ukuta umeubomoa kwa mkono wako kwa deni hilo. Kampuni inakukinga dhidi ya wateja, wauzaji wa malighafi na ajali za kazi kuliko inavyokukinga dhidi ya benki.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwaka mzima, usiishie kwenye siku ya usajili

Jina la biashara linasajiliwa kwa shilingi 20,000, na kila mwaka unalipia ada ndogo ya kulihuisha. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo, wala halazimiki kupeleka hesabu zilizokaguliwa. Wanaotoa huduma za kitaalamu, kama washauri na wahasibu, wako nje ya utaratibu huo, kwa hiyo wasijipimie kwa kodi ya mwenye duka.

Kampuni haina nafuu hiyo hata ikiuza kidogo. Inalipa asilimia 30 ya faida, inawasilisha makadirio ya kodi, inapeleka ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) pamoja na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, na BRELA nao wanadai taarifa ya mwaka. Faida iliyobaki ukijigawia kama gawio, inakatwa kodi tena. Kabla ya kuamua, mpigie mkaguzi mmoja umuulize anatoza kiasi gani kwa kampuni ya ukubwa wako. Jibu lake peke yake huwarudisha wengi kwenye jina la biashara.

Kampuni iliyolala pia inadaiwa. Kutofanya biashara hakufuti wajibu wa kupeleka ritani. Adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kwa kila mwezi, na kiwango cha chini cha kampuni ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Usisajili kampuni ya "kuiweka tu".

Hatua ya 3: Kama mko wawili, andikeni mkataba leo

Ubia hauhitaji cheti ili uwepo. Watu wawili wakianza kugawana faida, sheria ya mikataba inawaona wabia. Pasipo mkataba, faida na hasara hugawanywa sawa kwa sawa hata kama mmoja alileta mashine na mwingine alileta mikono. Saini ya mmoja kwenye shughuli za biashara inawafunga wote, na mmoja akifariki ubia unavunjika. Mimi siwashauri watu ubia usio na maandishi hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 4: Mmechagua kampuni? Pangeni hisa kabla ya kugusa fomu

Hapa ndipo maombi mengi hurudishwa, na ndipo ugomvi wa miaka ijayo hupandwa. Nendeni polepole.

Kampuni binafsi ya kawaida inataka wanahisa wawili hadi 50, wakurugenzi wasiopungua wawili na katibu. Kila mkurugenzi awe na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) yake.

Mtaji usiandikwe kwa kujionyesha. Ada ya usajili hupanda kwa ngazi kadiri mtaji unavyokuwa mkubwa, na hisa uliyoichukua bila kuilipia ni deni lako kwa kampuni. Siku kampuni ikifilisiwa, mfilisi ana haki ya kukudai. Mfano unaotosha karakana: mtaji wa shilingi milioni 10, hisa 1,000 za shilingi 10,000 kila moja. Toeni hisa 300 tu kwa kuanzia, yaani 180 kwa mmoja na 120 kwa mwingine. Wajibu wao ni milioni 1.8 na milioni 1.2, na hisa 700 zinabaki kwa mwekezaji atakayekuja.

Msigawane 50 kwa 50. Mkikosana, hakuna uamuzi utakaopita na kampuni itasimama huku kodi ya pango ikidai. Pia fahamuni kwamba maamuzi maalumu, kama kubadili katiba ya kampuni, yanataka robo tatu ya kura. Mwenye asilimia 40 ya hisa anaweza kuyazuia, mwenye asilimia 20 peke yake hawezi. Kwa hiyo asiyekubali kuburuzwa ashike zaidi ya robo. Na msijidanganye kwamba mtarekebisha baadaye kwa wepesi: kuhamisha hisa kunapitia TRA (mamlaka ya mapato) kwa ajili ya kodi na ushuru wa stempu, ndipo BRELA wabadilishe rejesta.

Sasa chukueni karatasi moja, mchore jedwali: jina kamili la kila mtu kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi, TIN, idadi ya hisa, anuani ya ofisi pamoja na mtaa, kata na namba ya kiwanja au nyumba, shughuli za kampuni. Jedwali hili ndilo linalonakiliwa kwenye memarts (hati ya kuanzisha kampuni na katiba yake) na ndilo linalonakiliwa kwenye mfumo. Maombi yanarudi kwa sababu NIDA inasema "Ally" na memarts zinasema "Ali". Yanarudi kwa sababu memarts zinaonyesha hisa 300 zimechukuliwa, na aliyejaza mfumo ameingiza zote 1,000. Yanarudi kwa sababu memarts alizonakili mtu kutoka kampuni nyingine zinataja uchimbaji madini, na shughuli aliyochagua kwenye orodha ya ISIC (orodha ya kimataifa ya aina za shughuli za biashara) ni samani.

Hiyo ISIC ichagueni kwa makini. Kutengeneza samani na kuuza samani rejareja ni shughuli mbili tofauti. Kama mnafanya zote, wekeni zote, maana baadaye leseni itaangaliwa kwa shughuli mliyosajili.

Mkimaliza kujaza, mfumo unatoa fomu ya pamoja. Ichapisheni, wote wasaini, tamko lithibitishwe mbele ya wakili, kisha mskani kurasa zote kwa mpangilio, zisomeke, na mzipakie pamoja na memarts. Tumieni skana ya stationari badala ya picha ya simu. Kivuli kimoja juu ya saini kinatosha kuwarudisha nyuma.

Hatua ya 5: Jina

Tafuta kwanza kwenye mfumo, uwe na majina matatu mkononi. Kuongeza "Tanzania" au "Investment" mbele ya jina la mwingine hakulifanyi kuwa lako.

Hatua ya 6: Baada ya cheti

Kampuni inaomba TIN yake; ile ya mkurugenzi haitumiki. Leseni ya halmashauri inaombwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na akaunti ya benki inafunguliwa kwa jina la kampuni. Kama ulikuwa na jina la biashara ukahamia kampuni, hakuna kinachohama chenyewe: mkataba wa pango, mikataba ya wateja na leseni vyote vinaandikwa upya kwa jina jipya. Ankara ya kwanza ya kampuni itoke baada ya mkataba wa pango kubadilishwa, na kuanzia siku hiyo saini kila karatasi kama mkurugenzi, jina la kampuni likiwa juu ya saini yako.