Jinsi ya kumfukuza tembo shambani kwa sauti bila yeye kuizoea

Wakuu, mahindi yanakaribia kubeba na kwa sisi tunaolima jirani na hifadhi hiyo inamaanisha kitu kimoja tu, kulala dunguni. Mi niko Upareni kule chini tambarare, upande wa Mkomazi, na tembo wetu hawajui mpaka, leo wako huku kesho wako Tsavo ng'ambo ya Kenya, alafu siku mahindi yanaweka maziwa unawaona hao wamerudi utadhani kuna mtu kawapigia simu. Nimeshapiga madebe, honi, fataki, spika, nimefuga na nyuki, na vingi vilinishinda kabla sijaelewa nilikuwa nakosea wapi.

Kwanza achana na hesabu ya kwamba kelele kubwa ndo inafukuza. Tembo anakimbia kile anachojua kinakuja nyuma ya hiyo kelele. Piga debe usiku wa kwanza ataondoka, usiku wa tatu atasimama asikilize, usiku wa tano anakula na we unapiga, yaani umegeuka mpiga ngoma wa harusi yake. Mwaka juzi niliweka spika yenye memori kadi, simba ananguruma, mbwa wanabweka, inajirudia yenyewe mpaka asubuhi, nikaenda zangu kulala kitandani. Siku tatu raha mustarehe. Siku ya nne nikakuta nyayo zimeizunguka spika, na ya sita spika yenyewe ilikuwa imekandamizwa kwenye udongo kama chapati na mistari minne ya mahindi haipo. Kosa lilikuwa langu, niliiacha iimbe hata wakati hakuna tembo, akapata muda wa kuichunguza mpaka akajua haina mtu.

Sauti yenye meno kweli ni ya nyuki. Ngozi ya tembo nene lakini nyuki wanaingia machoni na ndani ya mkonga, na hilo halisahau. Mtafiti wa tembo Lucy King na wenzake walitoa utafiti mwaka 2007 walioufanya Samburu, Kenya, walizipigia familia 17 za tembo sauti ya nyuki waliochokozwa, 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80, na karibu nusu hawakungoja hata sekunde 10. Nilichokiona mwenyewe ni hiki, akiisikia anasimama wima, masikio yanafunguka, anatikisa kichwa kwa nguvu na kujirushia vumbi kama tayari wameshamfika, alafu anageuza.

Kurekodi usihangaike kutafuta mtandaoni. Vaa vizuri, sogeza simu karibu na mlango wa mzinga, gonga mzinga mara mbili tatu kwa fimbo na ujiondoe. Unataka ule mngurumo wa hasira, nyuki waliotulia hawamtishi mtu. Dakika 4 zinatosha. Spika ya blutuu ya kawaida yenye sauti nzito kidogo inafaa, maana sauti ya nyuki sio nzito kupita kiasi, tofauti na tembo wenyewe ambao mazungumzo yao mengine ni mazito mno, chini ya hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde), masikio yetu hayayapati kabisa na hizi spika zetu hazitoi, kwa hiyo anayekuuzia sijui sauti ya tembo dume ya kufukuzia wenzake kwenye kispika cha mkononi mpite tu. Ifunge mfuko wa nailoni kwa ajili ya umande, iweke kwenye mti mita 20 au 30 NJE ya shamba upande anaokujia, sio katikati ya mahindi, kwa sababu tembo akishaonja kumtoa ni kazi nyingine. Iwashe ukishamsikia tu, matawi yanavunjika au ananguruma, iache dakika 3, zima. Kesho hamisha mti. Usiwashe kujaribu jaribu kila jioni kuwaonyesha wageni, utaiua mwenyewe.

Na hapo ndo pa muhimu, changanya. Usiku mmoja nyuki, mwingine honi ya hewa pamoja na tochi kali, mwingine watu wanapiga kelele kutoka pande mbili alafu fataki moja juu. Wenzetu wa Honeyguide, shirika la uhifadhi kaskazini mwa Tanzania, wanafundisha vijiji kwa ngazi, tochi kwanza, asipoondoka honi, asipoondoka wingu la unga wa pilipili hewani, fataki ya mwisho kabisa, na mantiki yake ni kwamba kila hatua inaipa nguvu ile iliyotangulia, baadae ukiwasha tochi tu anakumbuka kinachofuata. Wengi wetu tunaanza na fataki, tukiishiwa tunabaki na debe. Fataki zenyewe angalia nyasi kavu, kuna mtu kitongoji cha pili aliokoa mahindi akachoma banda.

Sauti za watu nazo zina ngazi, amini usiamini. Huko Amboseli, Kenya, mwaka 2014 watafiti kina Karen McComb waliona tembo wanajihami zaidi wakisikia sauti ya mwanaume mzima wa Kimaasai kuliko Mkamba, na mwanamke au mtoto wa Kimaasai hawawashtui kiasi hicho, wanajua nani hushika mkuki. Jirani yangu Mmaasai nilipomweleza alifurahi wiki nzima na sasa anadai alipwe kwa kukohoa. Ila ujumbe ni kwamba usimtume mtoto akafukuze, ni hatari na wala haogopwi.

Ukiwa na uwezo kidogo, fanya uzio wa mizinga, hapo sauti na meno vinakuwa kitu kimoja. Sagalla, kule Taita jirani na Tsavo Mashariki, wanafanya hivyo miaka mingi. Nguzo kila mita 10, mzinga unaning'inia kwa waya, waya mmoja unaunganisha yote, tembo akisukuma popote mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Eka moja ya mraba ina mzunguko kama mita 250, kwa hiyo nafasi kama 25, na si lazima zote ziwe na mizinga, nusu weka vibao vyenye umbo la mzinga. Weka kivuli, na maji karibu, la sivyo kiangazi kikikaza nyuki wanahama na umebaki na uzio wa masanduku. Hapo ndipo spika inarudi kazini, masanduku matupu yenye sauti bado yanamchanganya yule aliyewahi kuumwa. Asali unauza, hilo nalo sio dogo.

Sasa usalama, na hapa sina utani. Dungu liwe na njia ya kukimbilia nyumbani, sio porini. Msiende chini ya watu watatu. Msimzunguke, muachieni upande wazi wa kutokea unaoelekea hifadhini, tembo aliyebanwa anakuja mbele na hukimbizani nae ukashinda. Ukimwona mama ana mtoto, kelele zako ziwe za mbali tu. Angalia upepo, ukiwa unatoka kwako kwenda kwake keshakunusa kitambo na ile sauti ya nyuki haimwingii. Kumpiga mshale au kumtupia moto ni kosa kisheria na anayerudi baada ya hapo ni tembo mwingine kabisa, mwenye hasira na watu. Ikishindikana mpigie afisa wanyamapori au askari wa kijiji, na asubuhi kabla hujagusa kitu piga picha za nyayo na mahindi, mwite mwenyekiti, maana kifuta jasho, ile pesa ya pole ya serikali, bila tathmini hakuna.

Ukivuna toa mahindi shambani siku hiyohiyo, usiyarundike nyumbani nyuma ya ukuta wa udongo, ananusa na ukuta kwake sio kitu. Alafu toa betri kwenye spika, ile rekodi isisikike tena mpaka msimu ujao.