Uraia wa Bulgaria kwa nasaba ukiwa nje: majina kwanza, mihuri baadaye

Jua kwanza uko njia ipi. Kama mama au baba yako alikuwa raia wa Bulgaria siku uliyozaliwa, huombi uraia: unao tayari kwa kifungu cha 8 cha Sheria ya Uraia, kilichobaki ni kusajiliwa. Kama Mbulgaria ni babu, bibi au mzazi wao, utapita kifungu cha 15, ombi liende Wizara ya Sheria. Tangu marekebisho ya 2021, nasaba inahesabiwa hadi kizazi cha tatu kwenda juu, basi.

1. Cheti cha kuzaliwa cha mhenga (yule Mbulgaria)
Kiombe manispaa ya alikozaliwa. Ukimtuma mtu, mpe hati ya uwakili. Vijiji vingi vilibadilishwa majina mwaka 1934, kwa hiyo tafuta jina la sasa kabla ya kuandika barua.

2. Majina yalingane
Hapa ndipo faili nyingi hukwama. Panga vyeti vyote mezani, kutoka kwa mhenga hadi kwako, usome jina moja moja, herufi kwa herufi. Jina la ukoo la mwanamke, Желязкова, leo huandikwa Zhelyazkova, lakini pasipoti za zamani zilifuata tahajia ya Kifaransa: Jeliazkova. Huyohuyo akiolewa ughaibuni anakuwa na jina la mume, na mtoto wake wa kiume hapati ile -a ya mwisho. Jina la kati, ambalo ni la baba, vyeti vya nje mara nyingi huliacha kabisa.

Tarehe nazo hupishana. Bulgaria ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1916, ikaruka kutoka 31 Machi hadi 14 Aprili. Tofauti ya siku 12 au 13 kwa aliyezaliwa kabla ya hapo si kosa la karani.

Dawa ni cheti cha manispaa kinachothibitisha kwamba majina haya ni ya mtu mmoja: удостоверение за идентичност на лице с различни имена. Jina lililokosewa upande wa nchi yako lisahihishwe hukohuko, na kabla ya apostili, yaani muhuri unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine. Cheti kikirekebishwa baadaye, muhuri na tafsiri vyote vinaanza upya. Cheti cha ndoa cha kila kizazi usikiache. Ndicho kinachounganisha majina.

3. Muhuri, halafu tafsiri
Usigeuze mpangilio huu, maana apostili yenyewe lazima itafsiriwe. Nchi isiyo kwenye mkataba wa apostili: wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Bulgaria. Mimi napendelea mfasiri aliyeko Bulgaria. Umwandikie mapema tahajia ya Kisirili (herufi za Kibulgaria) unayotaka, asije akabuni yake.

4. Kuwasilisha
Kifungu cha 8: manispaa ya anwani ya kudumu ya mzazi, au kupitia ubalozi. Asiye na anwani Bulgaria husajiliwa wilaya ya Sredets, Sofia. Ukipata cheti cha kuzaliwa cha Kibulgaria na namba ya utambulisho ya raia (ЕГН), pasipoti ni kazi ndogo.

Kifungu cha 15: fika mwenyewe, ubalozini au wizarani Sofia, kuna mahojiano. Cheti cha polisi cha tabia njema kiombe mwisho, kisichakae. Amri ya kukupa uraia husainiwa na Rais au Makamu wa Rais. Ada zilizoandikwa kwa leva zimepitwa, sarafu ni yuro tangu 1 Januari 2026.

Bulgaria haidai uache uraia wako kwa kifungu cha 15, wala Kenya na Uganda hazikatazi uraia pacha. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ulizia Uhamiaji kabla ya kusaini fomu.