Kukusanya sarafu za dhahabu za Tudor: anza na Angel, na upime kabla hujalipa
Wengi wakisikia sarafu za dhahabu za enzi za Tudor, yaani 1485 hadi 1603 kule Uingereza, wanawaza sovereign tu, ile kubwa ya gramu 15 na ushee aliyoianzisha mfalme Henry VII mwaka 1489. Ni nzuri mno ila bei yake haishikiki, kwa anayeanza mi nasema tafuta sarafu ndogo zaidi iitwayo Angel. Upande mmoja malaika Mikaeli anamchoma joka mkuki mdomoni, upande wa pili meli, na zilitengenezwa nyingi kwa hiyo kwenye minada ya London bado zinapita.

Sasa kabla sura haijakuteka, weka kwenye mizani. Angel nzima inacheza kwenye gramu 5.1 hivi, ikipungua sana jua kuna mtu zamani alikata ukingo akabaki na dhahabu, maana zilikuwa zinagongwa kwa nyundo na ukingo ulikuwa mtupu, ukikata kidogo nani atajua? Angalia maandishi ya Kilatini pembezoni, herufi zikiwa zimeliwa vichwa hapo imepunguzwa. Kutokuwa duara kamili usijali, hata kaufa kadogo ni kawaida, cha kukushtua ni vijishimo vya mapovu usoni au mstari unaozunguka ukingo, hiyo ni feki ya kumiminwa kwenye kalibu.

Halafu tundu. Angel nyingi zimetobolewa kwa sababu mfalme au malkia alikuwa anawagusa watu wenye uvimbe wa tezi za shingo ili wapone, kisha wanavishwa sarafu yenyewe shingoni. Tundu linashusha bei na binafsi naona ni nafasi nzuri ya kupata kipande chenye historia, ila likizibwa ukauziwa kama nzima umeibiwa. Imulike kwa pembeni, shika lenzi, pale palipozibwa rangi hutofautiana kidogo na herufi huwa zimechongwa upya.

Mwaka usiutafute, nyingi hazina, soma kile kialama kidogo penye mwanzo wa maandishi, mfano ufunguo kwenye za Elizabeth I ni 1595 mpaka 1598.

Na ulizia imetoka wapi. Sheria ya hazina ya Uingereza ya 1996 inataka sarafu za dhahabu za zaidi ya miaka 300 zikiokotwa mbili au zaidi pamoja ziripotiwe ndani ya siku 14, kwa hiyo muuzaji akikwepa swali hilo achana naye. Ukishanunua, usiisafishe hata kidogo.