Jinsi ya kumhoji mzee wa hekima kwa njia ya Odera Oruka

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki 1995, aliwagawa wazee wenye hekima mafungu mawili. Kuna anayeijua mila na kuieleza vizuri. Na kuna anayeijua vilevile, ila anaipima kwa akili yake na penye kasoro anasema. Mahojiano yako ndiyo yatakayoonyesha umekaa na yupi.

Usimchague mwenyewe. Ulizia kijijini watu humwendea nani wakigombania shamba au mahari. Andaa swali moja tu la maisha ya kila siku, kwa mfano: marehemu aliacha ahadi, je, mwanawe anawajibika kuitimiza? Ukienda na maswali kumi utarudi na majibu kumi mafupi. Epuka pia umati, maana mbele ya wakwe mzee husema yanayotarajiwa. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Jibu la kwanza aghalabu ni methali. Ipokee kwa heshima, kisha sukuma: "Nimekuelewa, mzee. Na kama marehemu alilazimishwa kuahidi?" Akibadili jibu, uliza kwa nini, akishikilia, uliza vilevile. Halafu lije swali lenye uzito kuliko yote: "Wewe mwenyewe, mbali na wanavyosema watu wa hapa, unaonaje?" Paul Mbuya Akoko, mmoja wa wazee aliowahoji Oruka, alisema Wajaluo walikosea kudhani Mungu wao si yule wa watu wengine: miungu ingekuwa mingi, maumbile yangekuwa vurugu tupu. Hapo pana dai, pana na sababu.

Kosa kubwa ni kumlisha mzee maneno. Mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nigeria alihoji kama falsafa inayotokana na mahojiano kama haya ni ya mzee au ya msomi anayeuliza, na hoja yake ina nguvu. Kwa hiyo andika maswali yako yote neno kwa neno, hata uliyouliza vibaya. Nakili kwanza kwa lugha ya mzee, tafsiri baadaye. Akitaja "haki", mwulize papo hapo kama anakusudia stahili ya mtu au uadilifu wa hukumu.

Rudi baada ya wiki mbili umsomee. Akisahihisha, weka tarehe pembeni na usifute jibu la awali, kwani sababu iliyombadilisha mawazo huenda ikawa na thamani kuliko yote uliyorekodi siku ya kwanza.